Vipande Vinane, Mikunjo Mitatu: Kadi ya Salamu Yenye Ua la Karatasi

Kadi ninayoielekeza hapa ina ua moja tu usoni. Ua hilo limejengwa kwa miraba minane midogo ya karatasi yenye nakshi, kila mraba umekunjwa mara tatu, kisha ukachomekwa ndani ya mwenzake mpaka duara likafungika. Huhitaji kujua kuchora. Hata hivyo, kadi mbili zilizotengenezwa kwa mikunjo ileile zinaweza kutofautiana mno: moja unaigeuzageuza mkononi usichoke kuitazama, nyingine inaonekana kama rundo la vipande vya karatasi. Tofauti hiyo huanza kwenye kukata, kabla hujakunja chochote. Vipande vyote vinane vikibeba sehemu ileile ya nakshi, kwa upande uleule, mistari yake hukutana na kuzunguka kitovu, na ua huzaa mchoro ambao haukuwapo kwenye karatasi uliyoanza nayo. Ndiyo maana maelezo ya kuchagua na kukata yatakuwa marefu hapa, na ya kukunja mafupi.

Sanaa hii ilienea kutoka Uholanzi. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Tiny van der Plas, ambaye mwaka 1992 alitumia vibahasha vya majani ya chai kutengenezea kadi ya siku ya kuzaliwa ya dada yake. Ukifikiri utaona kwa nini vibahasha vile vilifaa: kiwanda huvichapa vikiwa sawasawa, kimoja baada ya kingine, na karatasi yake ni nyembamba. Usawa na wembamba ndio utakaoutafuta katika karatasi yoyote utakayoishika.

Karatasi gani inafaa

Anza na unene. Kipande kimoja kikishakunjwa huwa na tabaka nne, na katika ua vipande viwili hulaliana karibu kila mahali isipokuwa kwenye ncha, kwa hiyo karibu popote utakapogusa kuna tabaka nane. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, yaani ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Tabaka nane za karatasi hiyo hukaribia milimita moja, na hewa inayobaki kwenye mikunjo huongeza kidogo. Hapo bado uko salama. Ukifika gramu 120 vipande huanza kugoma: havizami mpaka mwisho, na kitovu cha ua huinuka badala ya kulala. Karatasi ya origami (sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi), ambayo kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kuchapishia, hukunjika kwa raha kuliko zote.

Halafu jaribu mkunjo wenyewe. Kata kipembe cha karatasi, kikunje, pitisha ukucha kwa nguvu, kifungue na ukitazame kwenye mwanga. Karatasi ambayo rangi imekaa juujuu, kama majalada yanayong'aa ya magazeti, hupasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Mstari huo utaonekana mara nane kwenye ua, na hakuna njia ya kuuficha. Karatasi yenye nta au plastiki juu yake nayo iache, kwa maana gundi ya maji haiishiki. Ile ya fedha au dhahabu inayong'aa kama kioo hukunjika vizuri sana, lakini haisahau: mkunjo ulioukosea hubaki hapo daima. Itumie ukishazoea.

Karatasi za kufungia zawadi zinafaa mradi zisiwe za plastiki. Ninazozipenda kuliko zote, hata hivyo, ni bahasha za barua za ofisi, zile ambazo ndani zimechapwa vijistari au vijimaua vya bluu na kijivu ili barua isisomeke kwa nje. Nakshi yake ni ndogo, inajirudia kwa usahihi wa mashine, karatasi ni nyembamba, na watu huzitupa kila siku. Ua la bluu ya bahasha juu ya kadi nyeupe lina utulivu ambao karatasi za bei kubwa haziupati kwa urahisi.

Kuhusu nakshi yenyewe, tafuta iliyo na mwelekeo. Mistari ya kukatiza, majani yanayolala upande mmoja, mizabibu inayojipinda, miraba ya rangi mbili: hizi zote hubadilika sana zikizungushwa. Madoa ya duara yaliyosambaa hayabadiliki sana, kwa kuwa doa likizungushwa hubaki doa. Na usitishwe na nakshi kubwa. Sehemu itakayoonekana ya kila kipande ni ndogo, pembetatu yenye upande wa sentimita mbili na nusu tu, kwa hiyo ua kubwa lililochapwa kwenye karatasi litageuka kuwa mchirizi wa rangi, na mara nyingi mchirizi huo ndio unaopendeza.

Ikiwa karatasi uliyoipenda hairudii nakshi yake, kwa mfano picha au ukurasa wa ramani, ipige fotokopi ya rangi au iskani kisha uichape mara nane. Karatasi moja ya A4 hutoa miraba 20 ya sentimita 5, yaani vipande vya maua mawili na vinne vya akiba.

Vifaa

Kisu cha kukatia karatasi au wembe mpya, rula ya chuma, kadibodi nene ya kukatia juu yake, penseli yenye ncha kali, gundi nyeupe ya maji, vijiti vya meno vya kuipakia, na kalamu iliyoisha wino. Ongeza kipande cha plastiki angavu, kama jalada la mbele la faili. Hicho usikiruke, maana kazi yote inakitegemea.

Kigezo cha plastiki

Kata plastiki iwe mraba wa sentimita 5 kamili kila upande. Pima pande zote nne, kisha pima na kutoka pembe hadi pembe kwa njia zote mbili. Vipimo hivyo viwili visipolingana, umekata mraba uliopinda, na itabidi ukate mwingine. Kwa kalamu ya kuandikia kwenye plastiki, chora msalaba unaougawa mraba katika robo nne, halafu chora mishazari yote miwili. Sasa kigezo kina pembetatu nane zinazokutana katikati.

Pembetatu mojawapo ndiyo itakayoonekana kwenye ua, pamoja na kipembe kidogo cha jirani yake kwenye ncha. Zilizobaki zitajificha ndani ya mikunjo. Maana yake ni kwamba mraba mmoja una maua manane tofauti ndani yake, kutegemea pembetatu utakayoileta mbele. Telezesha kigezo juu ya karatasi polepole. Usitazame mraba mzima. Tazama pembetatu moja tu na ujiulize itakuwaje ikirudiwa mara nane kuzunguka katikati ya kigezo. Mstari unaokata pembetatu toka upande hadi upande utakuwa duara lenye pembe. Mstari unaoanzia katikati kwenda nje utakuwa mwale. Doa la rangi kali karibu na katikati litakuwa nyota ndogo kwenye kitovu.

Ukiwa na vioo viwili vidogo, visimamishe juu ya karatasi vikutane kwa nyuzi 45, kimoja kikifuata mstari wa msalaba na kingine mshazari, kiungo chao kikiwa katikati ya kigezo. Utaona sehemu nane zimezunguka. Picha ya kioo hugeuza kila sehemu ya pili kinyume, na ua lako halitafanya hivyo, lakini inatosha kukuonyesha kama rangi zitapatana. Nenda taratibu hapa. Dakika kumi zinazotumika kutafuta mahali pazuri huleta mabadiliko makubwa kuliko saa nzima ya kukunja kwa uangalifu.

Ukipapata mahali hapo, tafuta alama mbili kwenye nakshi za kukuongoza: labda ncha ya jani inagusa katikati ya kigezo, na shina linapita kwenye pembe ya juu kulia. Alama moja haitoshi, kwani kigezo kinaweza kuzunguka juu yake bila wewe kujua. Chora kwa penseli kuzunguka kigezo, nenda kwenye rudio linalofuata la nakshi, linganisha alama zilezile mbili, chora tena, mpaka miraba minane ipatikane. Ongeza wa tisa kwa ajili ya kujaribia.

Kukata

Kata kwa wembe na rula, si kwa mkasi. Mkasi huinua karatasi kila unapobana, na mstari hutoka na mawimbi. Simamisha wembe wima, pitisha mara mbili kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu, na uweke rula juu ya mraba wenyewe ili wembe ukiteleza uharibu karatasi ya nje. Vidole vinavyoshika rula vikae mbali na ukingo.

Vikishatoka vyote, vikusanye kama kadi za kuchezea na ugonge kingo zake juu ya meza, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Kinachochomoza hata kidogo kipunguze au kibadilishe. Kisha vipange mezani kwa safu, nakshi juu, vyote vikitazama upande mmoja. Pitisha macho: kimoja kikiwa kimegeuka utakiona papo hapo. Chagua pembe itakayokuwa mbele, ile yenye pembetatu uliyoipenda, na nyuma ya pembe hiyo, kwenye upande mweupe, weka nukta ndogo ya penseli. Fanya hivyo kwa vipande vyote nane kabla hujakunja hata kimoja.

Mikunjo mitatu

Kunja vipande vyote kwa pamoja, hatua kwa hatua: mkunjo wa kwanza kwa vyote nane, ndipo wa pili. Ukimaliza kimoja kimoja, mkono husahau na kipande cha sita hukunjwa tofauti na cha pili.

1. Upande mweupe ukiwa juu, lete ukingo wa chini juu ya ukingo wa juu, vilingane, kunja, pitisha ukucha au mgongo wa kijiko, kisha fungua.

2. Zungusha kipande robo mzunguko na ukunje vilevile. Fungua. Sasa una msalaba.

3. Geuza, nakshi iwe juu. Shika pembe yenye nukta nyuma yake, uilete juu ya pembe inayoielekea kimshazari, kunja na ufungue. Mshazari ni huu mmoja tu. Wengi hukunja yote miwili kwa mazoea, lakini wa pili ungepita katikati ya uso wa ua na kuukata kwa mstari usiohitajika.

Geuza tena, upande mweupe uwe juu. Karatasi yenyewe inajua inakotaka kwenda: msalaba unashuka kama mabonde, mshazari unainuka. Sukuma ncha mbili za mshazari kuelekea ndani huku ukileta pembe yenye nukta ikutane na ile ya kimshazari wake. Pembe zote nne za mraba zitakutana mahali pamoja, na utabaki na mraba mdogo wa sentimita mbili na nusu. Ulaze na uubane.

Utazame vizuri huo mraba mdogo kabla ya kuendelea. Una ncha moja iliyofungwa, ambayo ndiyo iliyokuwa katikati ya karatasi, na ncha moja iliyo wazi, ambapo pembe nne zimekutana. Kushoto na kulia kuna mifuko miwili inayoingia mpaka katikati. Inua tabaka la mbele: nukta iwe nyuma yake. Isipokuwapo, pindua kipande, uso mwingine uje mbele. Kama nukta haipo pande zote mbili, mshazari umekunjwa kwenye pembe zisizo sahihi, na kipande hicho kinyooshe ukikunje upya.

Kujenga ua

Jaribu kwanza bila gundi. Weka kipande cha kwanza mezani ncha iliyofungwa ikikuelekea wewe. Chukua cha pili, na nusu yake ya kulia uichomeke ndani ya mfuko wa kushoto wa kile cha kwanza, mpaka ukingo wake ugote mwisho wa mfuko. Ncha zilizofungwa zikae mahali pamoja. Cha pili sasa kimelala upande kwa nyuzi 45. Cha tatu kiingie kwenye mfuko wa kushoto wa cha pili, na hivyo hivyo, ukizunguka kinyume cha mishale ya saa.

Ukitaka mchoro uwe wa ile nusu nyingine ya robo yako, chomeka upande wa pili: nusu za kushoto ndani ya mifuko ya kulia, ukizunguka na mishale ya saa. Jaribu njia zote mbili wakati hakuna gundi. Mara nyingi ile ambayo hukuikusudia ndiyo inayoshinda.

Kipande cha tano ni cha kusimama na kukagua. Ncha yake iliyo wazi, kitovu, na ncha ya kipande cha kwanza vinapaswa kuwa kwenye mstari ulionyooka. Weka rula. Ikiwa kila kipande kimekosea kwa digrii moja tu, ukifika cha nane duara litakuwa na pengo au mbano wa digrii nane, na hapo hakuna kurekebisha bila kubomoa. Kwenye cha tano bado ni rahisi: sukuma vipande kidogo kidogo mpaka mstari unyooke.

Cha nane kinaingia kwenye cha saba kama kawaida, na mfuko wake wa kushoto unaimeza nusu ya kulia ya kile cha kwanza. Inua cha kwanza taratibu, fungua mfuko wa cha nane kwa ncha ya kijiti, viteleze pamoja. Duara likifungika, bonyeza katikati kwa kidole na uzungushe ua mkononi.

Sasa gundi. Usilibomoe ua lote. Fungua mfuko mmoja kwa wakati, weka tone dogo kwa kijiti cha meno karibu na kitovu, bana, nenda kwa unaofuata. Gundi nyingi huloanisha karatasi nyembamba na kuifanya ijikunyate, na ikitokeza kwenye ukingo huacha doa linalong'aa. Liweke ua chini ya kitabu kizito kwa dakika kumi na tano hivi, likiwa katikati ya karatasi mbili safi.

Ua la miraba ya sentimita 5 lina upana wa sentimita 7 toka ncha hadi ncha. Ukitaka jingine, zidisha upande wa mraba kwa 1.41: sentimita 4 hutoa ua la sentimita 5.6, sentimita 6 hutoa la 8.5. Chini ya sentimita 3 vidole vya mtu mzima havifanyi kazi kwa raha.

Kitovuni huenda pakabaki kitundu. Kikiwa cha duara na kimetulia, kiache, rangi ya kadi itachungulia hapo na kuwa sehemu ya ua. Kikiwa kimepinda, kifunike kwa duara dogo la karatasi ya rangi moja, lililokatwa kwa mashine ya kutobolea karatasi.

Kadi yenyewe

Tumia karatasi ngumu ya manila, kati ya gramu 200 na 300 kwa mita ya mraba. A4 moja ikikatwa katikati hutoa A5 mbili, na kila A5 ikikunjwa huwa kadi ya ukubwa wa A6, sentimita 10.5 kwa 14.8. Ua la sentimita 7 linakaa humo kwa heshima, na nafasi ya kupumua pande zote.

Karatasi ngumu ina mwelekeo wa nyuzinyuzi, na mkunjo unaozifuata hunyooka, ilhali unaozikata hutoka na mikwaruzo. Kujua mwelekeo, pinda karatasi bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzinyuzi. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzinyuzi zinazokwenda na urefu wake; ukizikata kuwa A5 na kuzikunja, mkunjo hufuata nyuzinyuzi wenyewe.

Usikunje manila kwa mkono mtupu. Weka rula kwenye mstari wa katikati, pitisha kalamu iliyoisha wino mara mbili ili ichimbe mfereji, ndipo ukunje. Mfereji uwe upande wa nje wa kadi: karatasi hukunjika ikiupa mgongo, na ule uvimbe mdogo ulioinuka ubaki ndani. Hata kadi isiyo na pambo lolote hupendeza ikikunjwa hivi.

Na hapa kuna jambo linalosahaulika: andika ujumbe kabla ya kubandika ua. Ua likishakaa usoni, kadi haikai tena bapa mezani na mwandiko hupanda na kushuka. Nami hupenda kuandika kwenye karatasi nyepesi ya pekee, sentimita 14.4 kwa 20.4, iliyokunjwa katikati na kubandikwa ndani ya kadi kwa uzi mwembamba wa gundi kando ya mkunjo tu. Wino hausumbui kwenye karatasi hiyo, na ukikosea herufi unabadilisha karatasi, kadi inabaki.

Chini ya ua, bandika mraba wa karatasi ya rangi moja wenye upande wa sentimita 8, rangi iliyochukuliwa kutoka kwenye nakshi. Chagua ile iliyomo kwa uchache, si ile iliyotawala. Ua jekundu lenye vijistari vya kijani juu ya mraba wa kijani hung'aa. Juu ya mraba mwekundu humezwa. Kwa kadi ya rambirambi ondoa mraba huo, tumia nakshi ya rangi moja iliyofifia, na uache weupe mwingi.

Weka ua juu kidogo ya katikati. Likikaa katikati kabisa kwa rula, jicho huliona kama limeshuka. Sentimita moja kwenda juu inatosha. Libandike kwa gundi ya kitovuni peke yake, upana wa sarafu, ili ncha zibaki zikielea na kutupa kivuli chembamba juu ya kadi.

Ua la haraka

Kwa siku ambayo kadi inahitajika jioni hiihii, kuna njia fupi. Chukua miraba minane ya sentimita 3, nakshi chini. Kunja mshazari mmoja ufungue, kisha lete kingo mbili zinazokutana kwenye ncha ya mshazari huo zilale juu yake. Unapata umbo la tiara lenye ncha nyembamba ya nyuzi 45, na nane za namna hiyo hujaza duara la nyuzi 360 bila pengo wala kulaliana. Chora kwa penseli duara lenye mistari minane kwenye kadi, na ubandike kila kipande kwenye nafasi yake, ncha nyembamba zikikutana kitovuni. Ua hili lina upana wa sentimita 8.5. Halijifungi lenyewe kama lile la kwanza, kwa hiyo mistari ya penseli ndiyo tegemeo lako, na vipembe vyeupe vya upande wa nyuma huonekana kwenye ncha za nje. Ukitumia karatasi yenye rangi pande zote mbili, vipembe hivyo huwa taji.

Bahasha

Kadi yenye ua haingii kirahisi kwenye bahasha ya kawaida, tena ni vizuri bahasha iwe na undugu na kadi. Kata mraba wa sentimita 21, ambao hupatikana kwenye A4 kwa kuondoa kipande cha mwisho. Uweke umesimama kwa pembe, na ulaze kadi katikati kwa upana, kingo zake zikiwa sambamba na mishazari. Acha milimita mbili kila upande kwa ajili ya unene wa ua. Kunja pembe ya kushoto na ya kulia zije ndani. Zitakaribia kukutana katikati. Pandisha pembe ya chini juu yake na uibandike kwenye hizo mbili, gundi ikikaa kandokando tu ili isifike kwenye kadi. Pembe ya juu hushuka kuwa kifuniko.

Weka karatasi laini nyepesi juu ya ua kabla ya kufunga, hasa ikiwa kadi itasafiri, kwa kuwa ncha zilizoachwa zikielea hupinda zikisuguana na bahasha. Kifuniko kitie tone moja la gundi kwenye ncha yake, si kwenye kingo zote, ili atakayeipokea aifungue kwa kidole bila kuchana kitu.